Kadi ya Mwisho ya Verlon Tackett

Katika miaka ishirini na tisa ya kusaka vipaji, Verlon Tackett alikuwa amechosha magari sita na mke mmoja. Magari aliyauza yakiwa yamebaki mabati. Mke aliondoka mwenyewe, tena kwa amani, akisema kwamba mwanamume anayelala nyumbani siku sabini kwa mwaka si mume, ni mgeni anayejua choo kilipo. Verlon hakubishana naye. Alijua amesema kweli, na siku ya pili yake alikuwa na mechi ya kutazama huko Kentucky.

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo: kuzunguka Ohio, Kentucky na West Virginia kwa niaba ya klabu ya Toledo, kukaa kwenye viti vya bati vyenye baridi, kula mayai ya kuchemsha aliyobeba mfukoni, kutazama wanafunzi wa vyuo wakicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa kwa mikono na kuangushana, kisha kuandika nani anafaa na nani ni kelele tupu. Sasa alikuwa na miaka sitini na minne na magoti yaliyokuwa yakilia kabla yeye hajalia. Alikwishamwambia meneja kwamba msimu huu wa kuchagua wachezaji ukipita, anakabidhi funguo. Kilichobaki mkononi mwake ni kadi moja.

Hiyo kadi ina mambo yake. Pale Toledo kila msaka vipaji hupewa kadi moja ya kijani kila mwaka, yenye jina lake. Siku ya kikao cha mwisho, mbele ya ubao mkubwa wenye majina yote, anaruhusiwa kuibandika kando ya jina la kijana mmoja tu. Halazimishwi na mtu. Lakini akiibandika amekwishasema: huyu ni wangu, akifaulu nimefaulu, akianguka tumeanguka wote. Na meneja akiwa njia panda kati ya vijana wawili, hufuata kadi. Ndivyo walivyorithi, ndivyo wanavyofanya.

Verlon alikuwa ameibandika yake kila mwaka, mara ishirini na nane. Nyingi aliwapa wakabaji na yale majitu yanayozuia njia, watu wa shibe na adabu, ambao hata wakiharibu hakuna anayewajua majina. Mara moja tu alimbandikia kotabeki. Na kotabeki, kwa asiyemjua, ndiye anayeushika mpira kwanza, ndiye anayewapanga wenzake na kuurusha, na timu ikipigwa ndiye anayesemwa hata na vikongwe kanisani.

Huyo aliitwa Dillon Rusk, miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na mkono ambao Verlon hakuwa amewahi kuona mfano wake. Toledo walimwingiza uwanjani Jumapili ya kwanza kabisa, nyuma ya ukuta wa wenzake uliokuwa na nguvu ya uzio wa mabua. Akapigwa, akainuka, akapigwa tena. Mwaka wa tatu alikuwa akisikia mlango unafungwa anaruka. Wakamwacha. Siku hizi anafunga matairi huko Lima, mwendo wa saa moja na robo kwa gari kutoka uwanjani, na Verlon huikwepa njia ile hata akichelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Sasa mwaka wake wa mwisho ukamletea unyasi wenyewe. Klabu zote huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, mmoja mmoja; Toledo walikuwa na zamu ya tisa na walihitaji kotabeki kufa na kupona. Ubaoni palikuwa na majina mawili. Wa kwanza Garrett Lindqvist, miaka ishirini na minne, ana mke, ana mtoto mchanga, ana mashati yaliyopigwa pasi, na ana mkono unaotosha. Unaotosha tu, basi. Wa pili Tavion Pruitt wa Portsmouth, ng'ambo ya pili ya mto kutoka Kentucky, miaka ishirini kamili, mwenye mkono wa kuwafanya watu wazima wakohoe ili wapate muda wa kufikiri. Makocha walimtaka Garrett. Wale wa kompyuta, wanaopima hata kasi ya vidole, walimtaka Tavion. Meneja Roy Dudek, rafiki wa Verlon wa miaka mingi, alikuwa katikati na kichwa kinamuuma.

"Mzee, mimi sina ujanja hapa," Dudek alimwambia. "Wote wawili ni wa eneo lako. Kadi yako ikienda kwa Tavion, namchukua. Isipoenda, nachukua mwenye mke."

"Usiniharakishe."

"Nani anakuharakisha? Una wiki sita."

Verlon alianzia pale anapoanzia siku zote, chumba cha kufulia. Vijana huwadanganya makocha, huwadanganya waandishi, hata wachungaji. Hakuna anayemdanganya mtu anayemfulia soksi. Chuoni kwa Tavion mfuaji alikuwa Opal Skaggs, mama wa makamo mwenye mikono myekundu kwa maji ya moto, na alipomwona Verlon mlangoni hakusubiri kuulizwa.

"Umekuja kwa ajili ya yule mwehu wangu."

"Mwehu vipi?"

"Mwezi wa kumi alijificha ndani ya toroli la nguo chafu ili awatishe wenzake. Toroli likateremka lenyewe pale kwenye mteremko hadi kwenye gari la mkuu wa chuo. Mimi nikaitwa kujieleza! Mimi!"

"Na siku walipofungwa ile fainali ya vyuo?"

Opal akaacha kukunja taulo. "Hapo alijifungia chumbani siku tatu. Hakula. Mimi ndiye niliyempelekea maharage na mkate wa mahindi, nikaviacha mlangoni kama mtu anayelisha paka. Siku ya nne akaniletea sahani. Ameiosha, lakini macho yamevimba hivi. Ni mtoto, Verlon. Ni mtoto mzuri, lakini ni mtoto."

Verlon akaandika kwenye daftari lake: *Ameosha sahani.* Chini yake akaandika: *Siku tatu.* Yote mawili yalimkaa rohoni njia nzima ya kurudi.

Mwezi wa nne vijana wote wawili waliitwa Toledo kujaribiwa. Mtihani wao una mtego, na mtego huo ni wa zamani kuliko jengo lenyewe. Kijana hupewa kitabu cha mbinu jioni, akasome hotelini, na asubuhi huulizwa. Ukurasa wa thelathini na moja huchorwa makusudi watu kumi na wawili, wakati kila mtoto wa nchi ile anajua timu huwa na watu kumi na mmoja. Kijana akisema, ni makini. Akinyamaza, basi hakusoma, au amesoma kwa macho ya kuku. Mchoraji ni kocha msaidizi mmoja wa siku nyingi, ambaye mkono wake siku hizi hutetemeka kidogo, na mtego huo ndio furaha yake ya mwaka.

Garrett alipofika ukurasa huo aliinua kidole. "Samahanini. Nadhani hapa kuna mtu mmoja zaidi." Makocha wakaitikia kwa vichwa kwa raha.

Tavion alipoulizwa ukurasa ule ule, alisimama, akachukua kalamu, akachora ubaoni, akaeleza nani anakwenda wapi na kwa nini, akakaa. Habari ya mtu aliyezidi hakuigusa. Makocha wakatazamana. Mmoja akaandika: *Hakuona. Mvivu.* Mtihani ukaisha.

Ila Verlon, aliyekuwa amekaa nyuma akimenya yai, alikuwa na tabia ya kuhesabu. Alihesabu watu aliochora kijana. Kumi na mmoja. Akahesabu tena. Aliyekosekana ni yule yule aliyezidi.

Alimkuta Tavion nje kwenye maegesho, akitembea juu ya ukingo wa saruji huku amefumba macho na kunyoosha mikono.

"We kijana. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na watu wangapi?"

Tavion akafumbua jicho moja. Akatazama mlango wa jengo kwanza. "Kumi na wawili, mzee."

"Mbona hukusema?"

"Yule mzee aliyechora alikuwa amekaa pale mbele. Nilimwona asubuhi akimimina kahawa, nusu kikombe, nusu mezani. Nikasema huyu kakosea tu, mkono umemponyoka. Nikamtoa mmoja, yakaisha." Akashuka ukingoni. "Bibi yangu akisikia nimemuumbua mzee wa watu mbele ya kadamnasi, hii safari ya kurudi nyumbani sitaimaliza na meno yote."

"Na uwanjani je? Wakizidi uwanjani utanyamaza?"

"Uwanjani? Aka! Kule mkizidi mnaadhibiwa. Kule nitapiga kelele hadi mwamuzi azibe masikio." Kisha uso ukang'aa. "Mzee, eti ile mashine ya soda pale ndani, ukiipiga teke inatoa bure?"

Verlon alicheka mpaka akashika goti. Miaka yote hiyo wametega mtego ule, na hakuna hata mmoja wao, yeye akiwemo, aliyewahi kwenda kumuuliza aliyenyamaza kwa nini amenyamaza. Wangapi walipita hapo wakaandikwa wavivu? Aibu ilimshika, na aliistahili.

Aliwaeleza makocha. Wakamwambia, "Amekuchezea, mzee. Ulipomuuliza ndipo akashtuka." Dudek peke yake ndiye aliyemwamini, lakini Dudek naye alisema, "Sawa, ana akili na ana adabu. Zile siku tatu za kujifungia je?"

Jibu, kama lipo, lilikuwa Lima.

Alikwenda Jumanne. Dillon Rusk alikuwa chini ya lori, akatoka kwa mgongo, ametapakaa vumbi jeusi, na alipomwona nani aliyesimama pale akatabasamu kwa namna iliyomchoma Verlon kuliko matusi.

"Tairi limeisha au dhamiri?" Dillon akauliza.

"Vyote."

Walikaa juu ya matairi mawili. Verlon akaeleza habari ya Tavion yote, toroli, sahani, mtu wa kumi na mbili. Kisha akauliza lile alilokuwa ameliogopa miaka kumi na moja.

"Nilikosea kwako, Dillon? Niliona mkono nikasahau mtu?"

Dillon akafuta vidole kimoja kimoja. "Hukukosea. Mkono ulikuwepo. Hata leo upo, waulize hawa ninavyowarushia spana." Vijana wa gereji wakacheka kwa nyuma. Yeye hakucheka. "Mzee, nilikuwa natapika kabla ya kila mechi. Ulijua?"

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa umeshaniacha pale, umekwenda kutafuta mwingine. Na yule kotabeki mkongwe, ambaye angeniambia hata yeye alitapika mwaka wake wa kwanza, mlimfukuza ili nipate nafasi. Nikaingia Jumapili ya kwanza, sina wa kumtazama. Niliomba mwaka mmoja wa benchi. Mmoja tu! Wakasema tiketi zimeshauzwa kwa jina langu."

"Kwa hiyo huyu nisimchukue?"

"Mimi nitajuaje? Simjui. Nawajua nyie."

Verlon alirudi Toledo bila kufungua redio. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa imepata pa kwenda. Akaamua la kufanya kabla hajafika kwenye daraja la kuingilia mjini, na tangu hapo hakugeuza shingo.

Siku ya kikao cha mwisho chumba kilijaa. Kahawa, donati, makaratasi, watu kumi na wanane waliochoka kusikia sauti za wenzao. Wasaka vipaji wengine walikwishabandika kadi zao kwa wakabaji na wakimbiaji. Ikabaki ya Verlon. Alisimama nayo mkononi mbele ya ubao.

"Roy, kabla sijabandika. Tukimchukua Tavion Pruitt, ataanza kucheza lini?"

"Jumapili ya kwanza," Dudek akasema. "Unajua hali yetu. Miaka sita mashabiki wanakwenda nyumbani na njaa ya ushindi."

"Na tukisema akae mwaka mmoja? Tumrudishe yule kotabeki mkongwe tuliyemwacha mwezi wa pili, kijana amtazame."

"Tajiri mwenye klabu hatakubali."

"Hujamuuliza."

"Verlon..."

"Nenda kampigie, Roy. Mimi nitasimama hapa hapa."

Akasimama kweli. Dudek alitoka na simu, na kwa dakika kumi na mbili Verlon alisimama na magoti yake yale huku watu wakijifanya wanasoma. Aliitazama karatasi ya Tavion ubaoni. Alimtaka kijana yule. Niseme wazi, maana yeye mwenyewe baadaye alisema wazi: hakuwahi kumtaka mchezaji yeyote namna ile, hata Dillon. Alitaka kadi yake ya mwisho iwe kando ya jina lile, ili siku za uzee amwambie kila mtu atakayeketi naye: yule ni wangu.

Dudek akarudi. Hakuhitaji kusema, lakini akasema. "Hapana. Mabango yanachapwa. Yeyote tutakayemchukua anaanza Jumapili ya kwanza."

Verlon akatikisa kichwa taratibu. "Miezi minne tunaulizana hapa kama kijana ameiva. Tumempima mkono, tumempima miguu, tumemtegea mpaka mtu wa kumi na mbili. Ameiva sawasawa na mtu wa miaka ishirini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama sisi tumeiva." Akaitia kadi mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. "Kadi yangu mwaka huu haibandikwi."

Kocha mmoja akadakia, "Kwa hiyo unakiri hafai!"

"Wewe, andika ninavyosema, usiandike unavyopenda. Ni bora kuliko wote niliowahi kuwaona. Ndiyo maana simtupi humu. Garrett ni mtu mzima, mchukueni Garrett. Akipigwa atainuka."

Akakaa. Dudek akaivuta karatasi ya Garrett akaipandisha juu ya nyingine.

Ikawa hivyo. Zamu ya tisa, Toledo wakamtaja Garrett Lindqvist. Ya kumi, si Tavion. Ya kumi na moja, si Tavion, na Verlon akawa anabana meno, maana kuna klabu mbili tatu hapo kati ambazo ni wachinjaji. Ya kumi na mbili, klabu ya Spokane. Kotabeki wao ana miaka thelathini na saba, ndevu zina mvi, na mkataba wa mwaka mmoja zaidi. Wakamtaja Tavion. Verlon akapumua kama aliyetua gunia.

Simu ililia kesho yake asubuhi.

"Mzee Tackett." Sauti ya kijana ilikuwa kavu. "Nimesikia ulikuwa na kadi. Nimesikia hukuniwekea."

"Umesikia kweli."

"Nilidhani unanikubali. Nilimwambia bibi, kuna mzee mmoja Toledo ananikubali."

Verlon angeweza kujieleza. Alikuwa na maneno yote. Lakini hiyo ingekuwa ni kumwambia mtoto siku ya furaha yake kwamba klabu nzima ingemla mzima mzima, na zaidi ya hayo alijua kwamba miaka ishirini haipokei maelezo, inapokea kazi. "Utakaa benchi mwaka huu," akasema. "Kaa vizuri. Yule mkongwe wako, usimtazame mkono. Mtazame miguu."

Simu ikakatwa. Ilimuuma. Ilimuuma hadi jioni, na siku nyingine nyingi baada ya hapo, kwa sababu Tavion hakupiga tena na yeye hakupiga.

Jumapili ya kwanza ya msimu Verlon alikuwa nyumbani, mstaafu, na sahani ya maharage na mkate wa mahindi mapajani. Alianza na Toledo. Garrett Lindqvist aliangushwa mara tano kabla ya mapumziko, na mara tano aliinuka, akavuta jezi ikae sawa, akawapa mikono waliomwangusha. Mtu mzima. Verlon akamsikitikia na kumheshimu kwa pamoja. Kisha akahamia mechi ya Spokane.

Mkongwe wa ndevu ndiye aliyekuwa uwanjani. Kamera ilipita benchi mara moja, na pale alikuwepo Tavion, kofia kichwani, kalamu sikioni. Hakuwa akicheza wala kutania. Alikuwa ameinama kidogo, anatazama miguu ya mkongwe.

Karibu na mwisho, Spokane wakiwa nyuma, wakabadilisha wachezaji kwa haraka haraka. Watu wakatoka, watu wakaingia, na Verlon, kwa tabia yake ile, akaanza kuhesabu. Tisa, kumi, kumi na mmoja. Kumi na wawili. Kabla hajamaliza kufungua mdomo aliona kitu kinaruka pembeni ya uwanja. Ni Tavion, kofia imeanguka, mikono juu, vidole vinaonyesha, mdomo wazi kabisa, analikemea jitu la kilo mia na arobaini litoke. Jitu likageuka, likakimbia, likavuka mstari mpira ukiwa bado haujaguswa. Mwamuzi hakupuliza.

Sahani ilianguka. Verlon alikuwa amesimama, magoti na yote, anapiga makofi na kupiga mayowe peke yake sebuleni, machozi yanamtoka na haoni haya. Kijana hakucheza hata dakika moja siku hiyo. Jirani wa upande wa pili alisikia makelele, akaja kugonga mlango.

"Vipi, Verlon? Nani kafunga?"

"Hakuna aliyefunga," Verlon akasema, akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Kuna mtoto amehesabu watu."

Akamkaribisha ndani, wakaokota maharage.